Saa ya mfukoni ya Kifaransa: miezi kumi na minne ya kuitia ufunguo

Nianze na ubaya wake, ili mwenye haraka aishie hapa. Saa hii haiendi sawa na wakati. Ikishinda mfukoni inakwenda mbele dakika nane hadi kumi kwa siku, nikiilaza mezani usiku inarudisha kiasi, na kila asubuhi lazima niisogeze. Nimeinunua euro 430, nikatoa nyingine 360 kwa fundi. Kwa pesa hizo ningepata saa mpya kabisa ya betri, ya Kijapani, na chenji ikabaki. Bado sijuti. Ninayoijutia ni ile niliyoinunua kabla yake.

Mimi ni fundi wa lifti hapa Besançon, mashariki ya Ufaransa, karibu na mpaka wa Uswisi. Baba yangu ni fundi saa, Tanga. Meza yake yenye kisanduku cha kioo imekaa kwenye baraza la duka la vitambaa tangu sijazaliwa, na utoto wangu nimeumaliza chini ya meza ile nikiokota skrubu zilizomdondoka. Kwa hiyo maneno ya saa niliyapata kwa Kiswahili kwanza: kamani (springi inayoiendesha saa), akrabu (mshale), balansi (gurudumu linalokwenda na kurudi kupima mwendo). Saa zilizopita mikononi mwake ni Seiko, Citizen na Oris za wazee.

Kuna jambo lilinichekesha nilipoishika saa hii mara ya kwanza. Sisi husema "tia saa ufunguo" hata kwa saa ya mkononi ambayo haina ufunguo wowote, ina kifundo tu cha kuzungusha kwa vidole. Hii ndiyo saa ya kwanza maishani mwangu ambayo maneno hayo ni kweli tupu. Ina ufunguo wake, mdogo kama wa kufuli la sanduku, na tundu la ufunguo limetobolewa usoni mwa saa, katikati ya enameli nyeupe. Nilipompigia Baba simu kumwonyesha, picha ilikuwa inakatakata.

"Tundu liko wapi?" akauliza.

"Saa nane, Baba."

Kwenye uso wa saa hapo pameandikwa II. Kwetu hiyo ni saa nane na Baba hakuhitaji kuulizia. Mfaransa aliyekuwa amekaa nami angedhani tumechanganyikiwa sote wawili.

Sasa ile ya kwanza. Niliiona mtandaoni, euro 190, usoni imeandikwa "Breguet à Paris". Fundi saa Abraham-Louis Breguet alizaliwa Neuchâtel mwaka 1747, akafungua karakana yake Paris, kando ya mto, mahali paitwapo Quai de l'Horloge, akafa mwaka 1823. Yeye ndiye aliyepata hataza ya tourbillon, kizimba kinachozunguka na balansi ndani yake, mwaka 1801. Jina lake ni kubwa kiasi kwamba walianza kulighushi yeye mwenyewe akiwa hai, hata ikabidi achore sahihi ya siri kwenye nyuso za saa zake, ndogo sana, karibu na namba XII, isiyoonekana mpaka uelekeze mwanga kwa upande. Nilikesha usiku mmoja na tochi ya simu nikiitafuta sahihi hiyo. Sikuona kitu, nikajiambia labda imefutika.

Fundi niliyempelekea aliifungua, akaitazama kwa muda mfupi tu, akacheka. Hakunicheka kwa dharau, alicheka kama daktari wa meno anavyomcheka mtu aliyejing'oa mwenyewe. Ilikuwa saa ya Uswisi ya katikati ya karne ya 19, ya bei ya chini, na jina limetiwa ili iuzike. Kasha si fedha. Ekseli ya balansi imevunjika. Kuitengeneza kungegharimu zaidi ya kuinunua. Niliyemwandikia ujumbe ili anirudishie pesa hajanijibu hadi leo. Saa iko kwenye droo, na naiacha humo makusudi.

Baada ya hapo niliamua sinunui kitu mpaka macho yazoee. Nilikwenda Paris mara tatu, nikashinda kwenye soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, hilo ukishuka metro Porte de Clignancourt unatembea kidogo tu. Naomba nilisifie soko hilo kwa jambo moja: ukieleza kwa adabu kwamba leo hununui, unajifunza, wapo wauzaji watakaokufungulia saa moja baada ya nyingine. Siku ya pili nilikuwa nimeona migongo ya saa kama ishirini hivi. Na kwa saa za Kifaransa za karne ya 18, mambo yote yako mgongoni.

Kuifungua kwenyewe kuna utaratibu. Unainua kioo, halafu chini, kwenye saa kumi na mbili, kuna kikomeo cha pua chembamba kama kucha ya mtoto. Ukikisukuma, mashine nzima inainuka kutoka kwenye kasha kwa bawaba iliyoko juu, saa sita, kama unafungua kitabu. Ndipo unapouona mgongo. Na pale mgongoni, juu ya balansi, limekaa bamba la mviringo la shaba iliyochovywa dhahabu, limetobolewa tobolewa kwa nakshi mpaka linafanana na kitambaa cha lesi. Wafaransa huliita coq, yaani jogoo. Coq ya Kifaransa ina masikio mawili, huku na huku, na kila sikio lina skrubu. Ya Kiingereza ina mguu mmoja tu. Ukilijua hilo peke yake, umeshajiokoa na nusu ya uongo wa sokoni.

Yangu ina upana wa kama sentimita tatu. Katikati kuna kikapu cha maua, na kutoka kwenye kikapu matawi yanajiviringa kwenda pembeni yakigusana na kuachana. Niliitazama kwa lenzi ya Baba, aliyonipa nilipoondoka nyumbani. Majani ya upande wa kushoto hayafanani na ya kulia. Jani moja, la tatu kutoka kwenye sikio, lina mkwaruzo unaovuka mpaka wake: kalamu ya nakshi iliteleza, na aliyeshika kalamu ile akaacha vilevile, akaendelea na jani la nne. Hiyo ni miaka zaidi ya mia mbili iliyopita. Saa yenyewe, kwa umbo la coq, kwa namba za Kirumi za saa na namba za kawaida za dakika zilizozizunguka, fundi anaikadiria kuwa ya miaka ya 1780. Imeandikwa jina la fundi na neno "Paris". Si jina kubwa, na baada ya ile ya kwanza nilifurahi kwamba si jina kubwa, maana hakuna mtu angehangaika kulighushi.

Ile rangi ya dhahabu nayo ina habari yake. Hawakuwa na umeme wa kuchovyea. Dhahabu ilichanganywa na zebaki ikawa kama uji mzito, ikapakwa juu ya shaba, kisha ikachomwa mpaka zebaki yote ikatoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki imeng'ang'ania. Dhahabu ya namna hiyo haibanduki, na ndiyo sababu mgongo wa saa yangu unang'aa bila mimi kuufuta. Mvuke ule lakini ulikuwa sumu, na mafundi waliouvuta ndio walioulipia.

Hii yangu niliipata kwenye mnada mdogo hapahapa Besançon. Kasha la fedha, mihuri yake imelika. Ila ile pete ya juu ya kufungia mkufu ina muhuri wa kaa, na kaa ni alama ya fedha iliyoanza mwaka 1838 kwa miji ya nje ya Paris. Paris wenyewe walitumia kichwa cha nguruwe mwitu, na dhahabu ikapewa kichwa cha tai. Kwa hiyo pete ni ya baadaye, ilibadilishwa huku mikoani. Nilitumia jambo hilo kupunguza bei kwa mtu niliyekuwa nashindana naye, yaani nililisema kwa sauti kidogo, akaacha kunyoosha mkono. Baba aliposikia alisema mimi ni mwanawe kweli.

Besançon si mahali pabaya pa kushikwa na ugonjwa huu. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV alifuta Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti kuabudu, nao wakakimbia nchi, na wengi wa mafundi saa walikuwa humo. Geneva na London zikafaidika. Mwaka 1793 ufundi ulirudi kwa mlango wa nyuma: Laurent Mégevand na wenzake, waliokimbia siasa za Uswisi, walikaribishwa hapa na mji ukageuka kuwa mji wa saa. Kasri la Granvelle katikati ya mji sasa ni Musée du Temps, na humo mna Leroy 01, saa ya mfukoni iliyokamilishwa mwaka 1904 kwa ajili ya tajiri wa Kireno, António Augusto de Carvalho Monteiro. Imejazwa kila kitu, hadi kipimajoto. Watu huiendea kwa heshima. Mimi niliitazama dakika mbili, nikarudi kwenye zile za karne ya 18. Kazi ni kubwa, sikatai, ila mtu akikuonyesha mambo yote anayoyajua kwa mara moja, masikio yanachoka.

Sasa niseme kuhusu fundi, maana nusu ya pesa zangu ilikwenda kwake. Ni mama wa miaka sitini hivi, karakana yake ni chumba kimoja chenye dirisha la kaskazini. Aliniambia wiki sita. Ilichukua miezi mitano. Mara mbili nilipiga simu bila kujibiwa, na bei aliyonitajia mwanzo ilikuwa euro 250. Hayo ni malalamiko yangu na nimemwambia mwenyewe. Akanijibu kwamba cheni ilikuwa imekatika mahali pawili na hakuna duka linalouza cheni ya namna hiyo.

Ile cheni ndiyo iliyoniweka kimya. Mimi kazi yangu ni lifti. Cheni na kamba za chuma nazijua. Hii ni kama cheni ya baiskeli, kila kipande kimeunganishwa na kingine kwa pini, lakini nzima ina unene wa uzi wa kushonea viatu, na vipande vyake ni mamia. Upande mmoja umeshika kikopo chenye kamani ndani, upande wa pili umejizungusha kwenye kitu chenye umbo la pia. Ni pia kabisa, ile ya watoto, ila imechongwa mfereji unaozunguka kutoka chini hadi juu.

Baba hakuwahi kuona pia ndani ya saa. Aliitazama kwenye simu, akanyamaza, halafu akaieleza yeye mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Kamani ikiwa imejaa inavuta kwa nguvu, kwa hiyo cheni iwe inavutia kwenye kichwa cha pia, penye wembamba. Kamani ikichoka, cheni imeshashuka kwenye upana, na hapo nguvu kidogo inatosha kuzungusha. Mwishoni magurudumu yanapata msukumo uleule asubuhi na jioni. "Waliifanya kamani mvivu ifanye kazi kama kijana," alisema.

Na walilazimika, kwa sababu mashine inayofuata, ile inayoachia magurudumu jino kwa jino, haina uvumilivu. Kuna gurudumu lenye meno yaliyosimama kama taji, na ekseli ya balansi imepita mbele yake ikiwa na vibao viwili. Kibao kimoja kinazuia jino, balansi inageuka, kibao cha pili kinazuia jino la upande wa pili, na kila mara gurudumu linasukumwa nyuma kidogo kabla ya kuachiwa. Vitu vinagongana humo ndani bila kupumzika. Ongeza nguvu kidogo, saa inakimbia, punguza, inazubaa. Kamani nyembamba ya kuzunguka iliyoko kwenye balansi ilisaidia mno. Wazo lilikuwa la Christiaan Huygens, na saa ya kwanza ya aina hiyo aliitengenezewa na Isaac Thuret hukohuko Paris mwaka 1675. Kabla ya hapo saa nyingi zilikuwa na akrabu moja tu, ya saa, kwa maana dakika zingekuwa uongo mtupu.

Yule mama aliponikabidhi saa alinipa pia kifuko cha plastiki. Ndani mlikuwa na kamani ya zamani, aliyoibadilisha, na kijiti cha mti alichosafishia matundu ya ekseli. Kijiti alisema ni cha kumbukumbu. Kwenye kamani, ukiigeuza kwenye mwanga, kuna maandishi yaliyokwaruzwa kwa sindano: mai 1862. Na ndani ya kasha, mahali ambapo mwenye saa hapaangalii, kuna tarehe nne za mafundi wanne tofauti, ya kwanza 1809. Yake ni ya tano. Aliichora mbele yangu, ndogo kuliko zote, na hakuniomba ruhusa. Bei ya 360 niliilipa bila neno.

Ufundi wa saa wa milima hii ya Jura, upande wa Ufaransa na wa Uswisi, uliingizwa na UNESCO mwaka 2020 kwenye orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Ni vizuri, ila foleni kwa mafundi haijapungua. Anayetaka saa ya cheni ajue atangoja.

Kama hutaki kungoja, tafuta ya mtindo wa Lépine. Jean-Antoine Lépine, mzaliwa wa Challex, mwaka 1764 au karibu na hapo, aliondoa bamba zima la juu lililofunika magurudumu, akaweka vidaraja, kila gurudumu na chake, na ile pia pamoja na cheni yake akavitupa. Saa ikawa nyembamba, inakaa mfukoni bila kuvimbisha koti, na fundi anaweza kutoa kipande kimoja bila kubomoa nyumba nzima. Ndiyo mtindo uliokuja kutawala. Nimeishika moja pale Saint-Ouen na kwa akili zangu najua ndiyo saa bora. Sikuitaka. Ilikuwa kama kuoneshwa mchumba wa jirani, ana kazi nzuri na hana neno baya.

Kuishi nayo kila siku sasa. Naitia ufunguo jioni, baada ya kula. Ina nguvu ya saa thelathini hivi, kwa hiyo ukisahau usiku mmoja utaikuta imesimama. Unapozungusha ufunguo mlio wake unasitasita, kwa sababu wakati ule mkono wako ndio unaobeba mvuto wa cheni na magurudumu hayasukumwi na kitu. Mara ya kwanza nilishtuka nikaacha. Ukifika mwisho unahisi kizuizi, wala usishindane nacho. Mlio wenyewe si ule tiki tiki laini; ni mkavu, mmoja mzito na mmoja mwepesi. Mke wangu ameihamishia sebuleni.

Kazini siendi nayo. Mota za lifti za siku hizi zina sumaku kali ndani yake, na kamani ya balansi ni ya pua. Ikishikwa na sumaku mizunguko yake inagandana na saa inapoteza akili. Kioo nacho kimevimba kama mgongo wa kobe, kinakwaruzika, na mwezi wa nne nilikivunja kwenye mlango wa gari. Kipya kilinitoka euro 45 na wiki saba, kwa fundi yuleyule. Uso wa enameli, ambao ni unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya shaba nyekundu, ulikuwa na ufa mmoja kama unywele karibu na tundu la ufunguo tangu naununua, na haujaongezeka. Uso wenye ufa mmoja au miwili si wa kukimbiwa. Uliojazwa na rangi nyeupe isiyofanana na nyeupe ya pembeni, huo ukimbie.

Kuna aliyeniuliza kama haitanisumbua kusoma saa ya Kizungu. Hainisumbui, natazama namba iliyo upande wa pili kama tulivyofunzwa. Wafaransa wenyewe walijaribu kubadilisha mambo: mwaka 1793 mapinduzi yao yaliamuru siku iwe na saa kumi, kila saa dakika mia, na mafundi wakatengeneza nyuso zenye hesabu zote mbili. Watu hawakuzoea, na mwaka 1795 amri ikawekwa kando. Saa yangu, kwa makadirio yale, ilikuwa tayari mfukoni mwa mtu wakati huo, na uso wake haukubadilishwa. Huyo mtu naye aliendelea kusoma anavyojua.

Mwezi wa kumi na mbili nakwenda Tanga likizo, na Baba ameshaniagiza nisiifungue tena kabla hajaiona. Anataka kuitoa cheni mwenyewe. Nimemwambia hapana, imechukua miezi mitano. Amesema tutazungumza nikifika. Kwa sasa akrabu yake iko V na dakika ishirini. Simu inasema kumi na moja na dakika kumi na tatu.